Hasara moja, kampuni mbili za bima: maswali ya wafanyabiashara wa Kigoma

Maswali haya huulizwa na wenye maghala Mwanga na Ujiji, wenye vyombo vya majini pale Kibirizi na wenye malori ya njia ya Kasulu na Kibondo. Yamepangwa kuanzia ya msingi hadi yale ya kona kona, na yamepewa namba ili jibu moja likitegemea jingine tusirudie. Fedha zilizotajwa ni za mfano tu, kwa ajili ya hesabu.

## Mambo ya msingi

1. Nina bima mbili za moto kwa ghala moja. Likiungua, nalipwa mara mbili?

Hapana. Bima ya mali hukurudisha pale ulipokuwa kabla ya moto, haikupeleki mbele ya hapo. Kama dagaa na mawese yaliyoungua yalikuwa ya shilingi milioni 24, utapata milioni 24, uwe na hati mbili au tano. Kampuni zitagawana mzigo huo.

Kanuni hii ya fidia tuliirithi pamoja na sheria za Kiingereza, na kesi inayotajwa sana ni Castellain dhidi ya Preston ya mwaka 1883. Mtu alikuwa katika kuuza nyumba, ikaungua, bima ikamlipa. Baadaye mnunuzi naye akamlipa bei yote ya nyumba. Mahakama ikasema fedha ya bima irudi kwa kampuni, kwa sababu mwisho wa hesabu hakuwa na hasara.

Bado wapo wanaokata bima ya pili wakidhani wanajiongezea akiba. Wanachoongeza ni ada.

2. Mimi sikutafuta bima mbili. Nimejikutaje nazo?

Mara nyingi ni mkopo. Benki hukukatia bima ya bidhaa zilizowekwa dhamana, ada inakatwa humo humo kwenye mkopo, na wewe tayari una ya kwako kupitia wakala. Au umehama kampuni kabla ya hati ya zamani kwisha, miezi ikapandana. Au mwenye jengo amekata bima iliyogusa na mali za wapangaji. Kabla ya kuhuisha bima yoyote, soma karatasi za mkopo na mkataba wa pango.

3. Ni lini hasa kampuni mbili hulazimika kuchangia hasara moja?

Hati zote mbili ziwe hai siku ya tukio. Zote ziwe zinagusa mali iliyoharibika, hata kama moja inagusa na vingine. Chanzo cha hasara kiwe ndani ya zote: moto kwa moto, wizi kwa wizi. Na zote ziwe zinalinda maslahi ya mtu yule yule.

Hilo la mwisho ndilo linaloangusha wengi. Mwenye mzigo ana maslahi ya mali yake. Mwenye ghala ana maslahi ya dhima, yaani deni atakalodaiwa mzigo wa watu ukiharibika mikononi mwake. Magunia ni yale yale lakini maslahi ni mawili, na mambo hubadilika kabisa (swali la 16).

4. Hati yangu moja imetaja kampuni tatu. Ni kitu hicho hicho?

Sivyo. Hiyo ni bima ya pamoja iliyopangwa tangu mwanzo. Mali ikiwa kubwa kuliko kampuni moja inavyotaka kubeba, broka huigawa: kampuni kiongozi inachukua asilimia 50, ya pili 30, ya tatu 20. Ada inagawanywa hivyo hivyo, na hasara vilevile. Ukipata hasara ya shilingi milioni 400, kiongozi analipa milioni 200, wa pili milioni 120, wa tatu milioni 80. Hakuna ubishi wa fomula kwa kuwa asilimia ziko kwenye hati.

Nchini utaratibu huu unatumika pia kwa makundi makubwa. Umoja wa kampuni za bima ya kilimo, TAIC, ulioanzishwa 2023, umejengwa hivyo: kila kampuni inabeba kipande, kwa sababu ukame ukipiga hupiga wakulima wengi kwa msimu mmoja.

Jambo moja halisemwi vya kutosha. Kwa kawaida kila kampuni inawajibika kwa fungu lake peke yake. Ile ya asilimia 20 ikikwama, kiongozi halazimiki kukuzibia. Kiongozi hupokea taarifa, humtuma mtathmini na huongoza mazungumzo, lakini si mdhamini wa wenzake. Kabla ya kusaini, uliza kiongozi ni nani, na kama uamuzi wake juu ya madai unawafunga wengine. Kama hauwafungi, utabembeleza ofisi tatu badala ya moja.

5. Na bima mtawanyo?

Hiyo ni bima ya kampuni za bima. Kampuni yako inapeleka sehemu ya hatari kwa kampuni kama TAN-RE ili isizame kwa moto mmoja. Wewe huna mkataba na huko. Ukiambiwa "tunasubiri fedha ya bima mtawanyo", jibu lako ni kwamba aliyepokea ada yako ndiye mdaiwa wako.

## Hesabu ya mgawanyo

6. Kila kampuni hulipa kiasi gani?

Njia rahisi ni kwa uwiano wa viwango vya bima. Ghala lako lina bidhaa za shilingi milioni 60. Kampuni A imekukatia bima ya milioni 60, Kampuni B ya milioni 30. Moto unaharibu bidhaa za milioni 24. Viwango vyote vikijumlishwa ni milioni 90. A inabeba 60 kwa 90 ya hasara, yaani milioni 16. B inabeba 30 kwa 90, yaani milioni 8.

7. Mbona kampuni B inaleta hesabu tofauti na ya A?

Kuna njia ya pili. Unauliza: kila kampuni ingekuwa peke yake, ingelipa kiasi gani? Kisha unagawa hasara kwa uwiano wa majibu hayo.

Chukua mfano wa swali la 6. A peke yake ingelipa milioni 24 zote. B peke yake inategemea hati yake. Kama ina kifungu cha bima pungufu, ingesema umeikatia nusu tu ya thamani, hivyo ingelipa nusu ya hasara, milioni 12. Uwiano ni 24 kwa 12, na unarudi pale pale: milioni 16 na milioni 8. Lakini kama hati ya B haina kifungu hicho, yenyewe ingelipa milioni 24 zote, kwa kuwa kiwango chake cha milioni 30 kinatosha. Hapo uwiano ni sawa kwa sawa na kila mmoja analipa milioni 12. B imeongezewa milioni 4 kwa sababu ya kifungu kimoja kisichokuwepo. Ndiyo maana wanabishana.

Kwenye bima za dhima njia hii ya pili ndiyo iliyopewa nguvu na Mahakama ya Rufani ya Uingereza mwaka 1977, katika kesi ya Commercial Union dhidi ya Hayden. Hati moja ilikuwa na kikomo cha pauni 100,000, nyingine pauni 10,000, na dai lenyewe halikufika pauni 5,000. Wa kikomo kidogo alitaka alipe sehemu moja kwa kumi na moja. Mahakama ikaona dai dogo kama lile kila mmoja angelimudu peke yake, wakagawana nusu kwa nusu. Hukumu za huko hazizifungi mahakama zetu, ila mawakili huzitumia kushawishi.

Kwako wewe mwenye mali, jumla ni ile ile: milioni 24. Usikubali malipo yacheleweshwe miezi kwa sababu ya ubishi wao wa kama A ilipe milioni 16 au 12. Omba kila kampuni ilipe kwanza kiasi isichobishania.

8. Na kama mali ilikuwa ya thamani kubwa kuliko bima zote mbili?

Basi na wewe unaingia kwenye mgawanyo. Tuseme bidhaa zilikuwa za milioni 120, na bima zote mbili jumla ni milioni 90. Umejiachia robo ya hatari. Hasara ya milioni 24 inalipwa robo tatu, milioni 18: A milioni 12, B milioni 6. Milioni 6 zilizobaki ni zako.

Wenye dagaa wanaingia mtego huu bila kujua. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka vyombo vinapumzika. Ghala linajaa na kupungua kwa mwendo wa mwezi, na bei nayo haitulii. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti 2024, bei ya gunia iliyoandikwa kwenye fomu ya bima miezi kadhaa nyuma haikuwa tena kipimo cha kutegemewa. Andikisha thamani ya ghala linapojaa kabisa, au omba hati ya kutoa taarifa ya stoo kila mwezi.

9. Kile kiasi ambacho kila hati hukata kwenye malipo ili nikibebe mwenyewe, kinakatwa mara mbili?

Inategemea maneno ya hati. Tuseme A inakata shilingi 500,000 na B inakata asilimia 10, na makato yanafanywa kwenye fungu la kila moja. Kwa mfano wa swali la 6, A italipa milioni 15.5 na B milioni 7.2. Mkononi zinafika milioni 22.7. Dai hesabu hiyo kwa maandishi, mstari kwa mstari, kabla ya kusaini karatasi ya kukubali malipo.

## Kufungua madai

10. Niitaarifu kampuni ipi kwanza?

Zote mbili, siku ile ile, na katika kila barua taja kwamba ipo kampuni nyingine. Chukua RB (namba ya taarifa yako) polisi na taarifa ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, piga picha kabla ya kufagia, na usihamishe mabaki hadi mtathmini aone.

Omba mtathmini mmoja kwa kampuni zote. Wakija wawili kwa siku tofauti, watakuta vitu tofauti. Baada ya moto wa mawese, madumu ya plastiki yameyeyuka yote, lakini mapipa ya chuma yamebaki. Mtathmini anahesabu maganda ya mapipa, anapima kimo cha masizi ukutani, kisha anageukia dagaa ambao hawakuacha chochote cha kuhesabu. Hapo kinachokuokoa ni daftari la stoo, risiti za mashine ya kodi (EFD) na stakabadhi za ushuru wa mazao. Daftari lililokaa ndani ya ghala limeungua na ghala. Litunze nyumbani, au angalau piga picha kurasa zake kila wiki.

Takwimu unayoipa A iwe ndiyo unayoipa B. Tofauti ya magunia kumi kati ya fomu mbili itakugharimu maelezo mengi kuliko thamani ya magunia hayo.

11. Siwezi kuidai kampuni moja tu yote, wao wakamalizane?

Kwa asili ya sheria, unaweza. Tangu hukumu ya Lord Mansfield ya mwaka 1758 katika kesi ya Godin dhidi ya London Assurance, iliyohusu bima ya mizigo ya meli, mwenye bima anachagua wa kumdai, na aliyelipa anamgeukia mwenzake amchangie. Bima za mizigo ya majini zimeendelea na msingi huo.

Bima za moto na wizi ni habari nyingine. Hati nyingi zina kifungu kinachosema: kama ipo bima nyingine juu ya mali hiyo, sisi tutalipa fungu letu tu. Kikiwepo, utalazimika kuzidai zote mbili. Tafuta sehemu ya masharti inayozungumzia bima nyingine. Wakala akishindwa kukuonyesha, mwombe akuandikie.

12. Wakati wa kukata bima ya pili sikutaja ile ya kwanza. Nimeharibikiwa?

Huenda. Fomu nyingi za maombi huuliza moja kwa moja kuhusu bima nyingine, na hati nyingi hutaka taarifa ukiongeza nyingine baadaye. Kampuni ikithibitisha kuwa ulificha jambo lililokuwa na uzito kwake, inaweza kukataa dai. Kama hasara bado haijatokea, andika barua leo. Kampuni huweka tanbihi kwenye hati na kazi imeisha.

Kusahau kunaweza kueleweka. Kudai milioni 24 kwa A na milioni 24 kwa B, kila moja ikiamini iko peke yake, huo ni udanganyifu, na adhabu yake haiishii kwenye kunyimwa fidia.

13. Nilitaarifu A kwa wakati, lakini B nilichelewa na wamekataa. Je, A itanilipa yote?

Swali gumu, na jibu lake halipendezi. Mgawanyo unapimwa kwa hali ilivyokuwa saa ya hasara. Moto ulipotokea hati ya B ilikuwa hai, kwa hiyo A, kama ina kifungu cha swali la 11, inaweza kusimama kwenye fungu lake tu. Kosa la kuchelewa limekuja baada ya moto, na pengo hilo linakuangukia wewe. Ingekuwa hati ya B ilishakufa kabla ya moto, kwa mfano muda wake umekwisha, A ingekuwa peke yake na ingebeba yote.

Kabla ya kukata tamaa, iandikie B ieleze kuchelewa kwako kumeidhuru vipi. Kama mtathmini wa A alifika mapema na taarifa yake ipo, hoja ya B inapungua nguvu.

14. A inasema "sisi hatulipi kama ipo bima nyingine", na B inasema hivyo hivyo. Nimebaki katikati.

Hutabaki katikati. Mwaka 1932, katika kesi ya Weddell dhidi ya Road Transport, mahakama ya Uingereza ilikutana na hati mbili za gari za aina hiyo na ikaona ni upuuzi mtu mwenye bima mbili aonekane hana hata moja. Vifungu hivyo viwili vinauana, kampuni zote mbili zinabaki na wajibu na zinagawana. Itaje kesi hiyo kwenye barua yako.

15. Kampuni moja imefutiwa leseni kabla ya kulipa.

Kwenye bima ya pamoja, soma swali la 4: fungu lake utalidai kwa mfilisi. Kwenye bima mbili tofauti inategemea kifungu cha swali la 11. Pasipo kifungu hicho, idai iliyo hai kwa hasara yote hadi kikomo chake.

## Ghala la mtu, benki, barabara na ziwa

16. Magunia yangu yameungua ghalani kwa mtu. Mimi nina bima, naye ana bima. Zinagawana?

Kwa kawaida hapana. Kesi ya mfano ni ya mwaka 1877 kati ya North British and Mercantile na London, Liverpool and Globe. Nafaka ya mfanyabiashara iliungua kwenye ghala la mtu jijini London. Mwenye ghala alikuwa na bima na kwa desturi ya biashara ile yeye ndiye aliyewajibika kwa mzigo. Mwenye nafaka naye alikuwa na yake. Kampuni ya mwenye ghala ikataka ichangiwe, ikakataliwa. Maslahi yalikuwa mawili, na mwenye dhima ndiye anabeba mwisho wa yote.

Kwako maana yake ni hii: dai kwa kampuni yako, nayo ikishakulipa itasimama kwenye nafasi yako na kumdai mwenye ghala au kampuni yake. Usisaini karatasi ya kumsamehe mwenye ghala, hata kama ni shemeji yako, kabla ya kuongea na kampuni. Ukimsamehe umeifungia njia, na inaweza kukukata kwenye fidia.

17. Benki imekata bima ya bidhaa zangu kwa ajili ya mkopo. Hiyo inahesabiwa kuwa bima yangu ya pili?

Angalia jina. Kama hati imeandikwa jina lako na benki imetajwa kuwa ya kwanza kulipwa, ni bima yako na mgawanyo unafanyika. Fedha zitapita benki kwanza hadi deni lake, kinachobaki ni chako. Kama benki imelinda deni lake tu kwa jina lake, maslahi ni tofauti. Rudi swali la 3.

18. Kichwa cha lori kina bima kampuni moja, tela kampuni nyingine. Limegonga nyumba ya mtu Kasulu.

Kwa madhara ya watu wengine, hati zote mbili zinaweza kuguswa kama tela lilikuwa limefungwa kwenye kichwa, na hapo kampuni huchangia kwa maneno ya hati zao. Taarifu zote. Uharibifu wa tela lenyewe haugawanywi: anayelipa ni aliyelikatia bima kubwa. Ukiwa na bima ndogo tu, matengenezo ni juu yako.

19. Chombo kilipigwa na mawimbi, nahodha akatosa mizigo yangu ili kiokoke. Kwa nini nibebe mimi peke yangu?

Usafiri wa majini una utaratibu wa zamani sana kwa jambo hili: mali ikitolewa kafara kwa makusudi ili kuokoa safari nzima, walionusurika wanachangia, mwenye chombo na wenye mizigo, kila mmoja kwa thamani ya kilichookoka. Kanuni za York-Antwerp ndizo hutumika pale mkataba wa usafirishaji unapozitaja. Kwa mzigo wa meli kwenda Bujumbura au Kalemie, tazama kama zimo kwenye hati ya shehena. Kwa mitumbwi ya Kibirizi isiyo na karatasi, kudai mchango huo ni kazi ngumu. Bima yako ya mzigo ndiyo kimbilio, ilimradi hati inataja kutoswa.

20. Nina bima mbili za maisha. Nazo zinagawana?

Hapana, kila moja inalipa kiasi chake chote, kwa sababu uhai hauna bei ya kurudishiwa. Bima ya ajali inayolipa kiasi maalumu kwa kiungo kilichopotea ni hivyo hivyo. Gharama za hospitali zinarudi kwenye fidia: risiti moja hailipwi mara mbili.

## Ada na malalamiko

21. Nimegundua nina bima mbili na hakuna hasara. Narudishiwa ada?

Kwa miezi iliyopita, usitegemee. Kampuni ilikuwa imebeba hatari. Kwa miezi iliyobaki, omba kufuta hati moja na urejeshewe sehemu ya ada kwa masharti ya hati hiyo. Kama moja ni ya benki, futa ya kwako baada ya kupata nakala ya ile ya benki na kuhakikisha inagusa wizi na maji, maana za mkopo wakati mwingine ni za moto tu.

22. Kampuni zinabishana na mimi sijalipwa. Niende wapi?

Anza na barua ya malalamiko kwa kila kampuni, nakala kwa broka, ukiambatanisha hesabu ya swali la 6. Wakikaa kimya, ipo Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, TIRA, na ipo Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima iliyowekwa chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Nenda na nakala za hati zote mbili. Ukipeleka moja, swali la kwanza utakaloulizwa ni nyingine iko wapi.